Hita ya Otilia

Baba Viola alikinga mkono chini ya bomba, akayasikilizia maji.

"Bado," alisema. "Wewe unapenda yawe moto zaidi ya haya."

Hakuwa akiniambia mimi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na hotpoti ya chakula chake cha mchana. Alikuwa akimwambia Otilia, mwenye hili gari lenye kitanda na bafu ndani, ambalo ameliegesha hapa Bagara na anaishi humo peke yake.

Asubuhi mume wangu aliniaga kuwa anakwenda kutoa hita ndogo ya gesi na kufunga kubwa ya umeme. Nilimuuliza, mtu anayeishi peke yake anataka kubwa ya nini? Akajibu kuwa ile ndogo inatosha mtu mmoja tu, tena aoge haraka.

Tangu tuoane namchemshia maji kwa kuni, nampelekea bafuni, namwita yakiwa tayari. Mimi naoga ya moto au ya baridi? Hajawahi kuuliza.

"Karibu, Mama Viola," Otilia alisema.

Baba Viola aligeuka. Maji yaliendelea kummwagikia mkononi, wala hakukumbuka kuyafunga.

Niliweka hotpoti chini. Hita ya zamani ilikuwa pale nje kwenye nyasi, imeota kutu pembeni. Niliifunga kwa kitenge changu, nikajitwika.

"Mama Viola, hiyo unaipeleka wapi?" mume wangu aliuliza.

"Nyumbani. Si umesema inatosha mtu mmoja?"