Picha ya Tumbo Tupu

“Mnamuua kwa njaa mchana kweupe!” bibi alifoka, benchi zima likageuka. “Mtoto wa miezi miwili ananyimwa ziwa! Ana kosa gani?”

Mkaza mwanawe alizidi kumbembeleza mtoto. Tangu alfajiri alikuwa amembeba mtoto begani, uso umeelekezwa pembeni asinuse maziwa, naye mtoto analia mpaka sauti imemkauka. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano. Muuguzi alishasema: asionje kitu hadi apigwe picha ya tumbo, maana mfuko wa nyongo huonekana vizuri mtoto akiwa na njaa.

“Mimi nimelea saba,” bibi aliendelea. “Hakuna aliyepigwa picha ya nyongo. Nyinyi wa siku hizi, mmh! Mtoto akipiga chafya, hospitali.”

Mkobani bibi alikuwa na chupa ya maziwa ya kopo, ati ya baadaye. Mama wa mtoto aliiona, akajifanya hakuiona. Ugomvi na mama mkwe asubuhi asubuhi nani anautaka?

Karani akaita dirishani, mzazi mmoja tu. Mama akamkabidhi bibi mtoto, shingo upande. Aliporudi, mtoto alikuwa amelala fofofo, bibi akimpangusa mdomo.

“Amechoka kulia,” bibi alisema.

Chumba cha picha kilikuwa baridi. Daktari, mwanamke mpole aliyefika hapo mara moja kwa mwezi, alimpaka mtoto jeli tumboni, akapitisha kifaa chini ya mbavu, akarudia, akarudia tena.

“Mfuko wa nyongo siuoni. Kweli amekaa na njaa?”

“Kweli, daktari. Tangu alfajiri.”

“Basi mirija ya nyongo imeziba. Huyu anapasuliwa wiki hii, wala tusichelewe.”

Mama akashika ukingo wa kitanda.

“Nimempa maziwa,” bibi akasema.

Wote wakamgeukia.

“Ulipokwenda dirishani. Nilimwonea huruma.”

Daktari akashusha pumzi. Mtoto akila, mfuko hujikamua ukasinyaa, hata kwa mwenye afya. Picha kama hiyo ni ya kubahatisha, na yeye hampeleki mtoto kupasuliwa kwa kubahatisha.

“Mimi naondoka sasa hivi, mrudi mwezi ujao,” alisema. “Na huyu bibi mumfunge kamba.”

Njiani mama alimwambia mama mkwe wake maneno ambayo mtu hamwambii mama mkwe. Bibi, ambaye siku zote hakosi la kujibu, aliinamisha kichwa akayameza yote. Nyumbani alimbeba mjukuu wake mpaka jioni, hataki kumshusha.

Mwezi uliofuata hakuna aliyeruhusiwa hata kumgusa mtoto. Bibi alisimama mlangoni. Daktari alipitisha kifaa, mfuko haukuonekana. Akahamia kwenye ini, akakaa hapo muda mrefu.

“Limeshakuwa gumu,” alisema taratibu. “Mwezi uliopita tungempasua, tungemwokoa. Sasa tumechelewa.”

Mama hakulia. Alimwendea bibi pale mlangoni.

“Umeniulia mwanangu, mama! Kwa chupa moja ya maziwa! Chupa moja!”

Bibi alitikisa kichwa.

“Siku ile hakuonja hata tone, mwanangu. Nilisikia kupasuliwa, nikaogopa.”