Tambara Kwenye Bolti

Alikuta tambara limeshatundikwa kwenye bolti ya juu ya mdomo wa tenki, kana kwamba kuna mtu alijua atalihitaji.

Shemeji yake, fundi mkuu, hakuwapo kando ya tenki. Atakuwa ameenda kunywa chai, akawaza. Afadhali. Arudi akute kazi imekwisha.

Wiki iliyopita alikaza bolti hizihizi zikiwa kavu. Zililia, zikakwama njiani, na mfuniko ukavujisha mvuke uliombabua mwenzao mkono mzima.

"Bolti kavu inakudanganya," shemeji alimwambia mbele ya watu. "Unadhani imekaza, kumbe imekwama tu. Ukirudia, kazi huna. Hata dada yako akija kukuombea, sitamsikia."

"Shemeji, wewe humsikii hata akikuita kula."

Karakana nzima ilicheka, na shemeji mwenyewe akacheka. Boila zilikuwa zimemmaliza masikio zamani.

Leo asingerudia. Aliusukuma mfuniko hadi ukaziba mdomo wa tenki. Akalifumbata tambara kiganjani, akafuta meno ya kila bolti, akapaka grisi, akatia nati. Spana ilizunguka bila kulia hata kidogo. Alikaza huku, akahamia upande wa pili, akarudi, mpaka hapakubaki nafasi ya kupitisha unywele.

Kwenye mkoba wake mlikuwa na kofia mpya. Dada alimpa asubuhi ampelekee mumewe.

"Ile ya zamani imenichosha," alisema. "Imekunywa grisi mpaka haina rangi. Na kila anapoingia mahali lazima aitundike mlangoni, eti tujue yumo. Wageni wanaisalimia kabla yangu."

Atampa akija kukagua. Labda leo atasifiwa.

Ndani ya tenki kitu kiligonga. Kikanyamaza, kikagonga tena, kwa haraka zaidi. Akatabasamu. Mabomba hugonga hivyo mvuke unapoanza kupita.

"Leo umewahi kufungua," alimwambia mwendesha boila, akipaza sauti.

"Kufungua nini? Ndiyo kwanza nashika vali."

Jasho lilikuwa likimwingia machoni. Alifumbua kiganja, akalikunjua tambara ajifute uso, na ukingo wa kofia ukachomoza.