Mbwa wa Uvunguni

Tangu mbwa wapigwe marufuku katika vijiji vya ng'ombe wa maziwa, kila zizi huku Rungwe lina sanduku linalobweka usiku. Mchana masanduku hunyamaza.

Asubuhi hiyo Ambilikile, bwana mifugo, alifika kwa Tusekile kwa sababu ng'ombe wake alikuwa ametupa mimba.

"Ni vimelea vya mbwa, Mama Lusajo. Vinatoka na kinyesi chake, vinaingia kwenye majani ya ng'ombe. Mbwa yuko wapi?"

"Uvunguni mwa kitanda changu. Na hatoki."

"Sheria inasema..."

"Kosa lilikuwa letu. Ng'ombe akizaa tulimtupia mbwa kondo la nyuma, ndiyo malipo yake ya kulinda, naye akala ugonjwa humo. Siku hizi nalizika, na majani nayafunika. Huyu ng'ombe alizaliwa na ugonjwa huo, wewe mwenyewe ulimpima ukaniambia. Sasa mbwa ana kosa gani? Sanduku lenu lilibweka mpaka kukakucha, na wezi wakamswaga ndama wangu taratibu."

Ambilikile akatoa simu awaite wakamataji wa mbwa. Tusekile akaingia chumbani, akarudi na mbwa, akamsimamisha mlangoni.

"Bweka, Komando. Wakusikie."

Komando akabweka. Bondeni mbwa akaitika, mwingine nyuma ya kanisa, kisha wa tatu, karibu kabisa, kutoka nyumbani kwa Ambilikile.

Bwana mifugo akairudisha simu mfukoni.

"Wa kwako anaitwaje?" Tusekile akamuuliza.