Kilima cha Mwewe

Mwenyekiti alipiga magoti kwenye mteremko, akaibandika kadi ya rangi juu ya jabali, akalinganisha, akasonya.

"Hili limezidi wekundu," alimwambia mbuzi aliyekuwa anamkodolea macho, maana hapakuwa na mwingine wa kuambiwa.

Mbuzi akaendelea kutafuna. Mwenyekiti akaishindilia kofia yake, akatundika kamera shingoni, akashuka.

Kadi aliitoa dukani kwake. Aliuza rangi za nyumba, na mteja akimletea kipande cha plasta kisichozidi ukucha, alimchanganyia rangi ileile bila kukosea. Kwa hiyo kilima alichokitaka hakukitafuta kwa ramani; alikitafuta kwa rangi. Ilikuwa rangi ya asali iliyoungua kidogo, na kati ya vilima vyote alivyovifuata kwa basi na kwa miguu, hakuna hata kimoja kilichokubali.

Waliosema mdomo huponza kichwa hawakukosea. Mwenyekiti aliongoza Macho Safarini, kundi la mtandaoni la watu wanaopenda kupiga picha za safari na za maumbile na kutumiana: maporomoko, twiga, machweo, na pasipo na safari, maua ya jirani. Picha zake ndizo zilizokuwa zikisifiwa kuliko zote. Kisha akaingia mwanachama mpya aliyejiita Mwewe, asiyejulikana sura wala sauti, akaweka kilima.

Kilima laini, kipana, kinang'aa kwa jua la asubuhi. Ubavuni, nyasi fupi zilizokauka. Kileleni ametua ndege mweusi, mabawa ameyakunja. Chini yake Mwewe aliandika: "Sikwenda mbali."

Kundi likawaka moto. "Huyo ni tai!" "Tai mzima!" "Wapi huko jamani?" Sifa zikamiminika hadi picha ya Mwenyekiti ya maporomoko, aliyoipata kwa kuteleza na kulowa mpaka soksi, ikasukumwa huko juu bila hata kidole gumba kimoja.

Wivu ukamshika vidole, vikaandika: "Ah, hicho? Nakijua. Nimeshakipanda."

"Basi Jumamosi tupeleke, Mwenyekiti!" akadakia fundi saa.

"Na asipotufikisha, kiti apewe Mwewe," akaandika nesi mstaafu, ambaye kazi aliiacha lakini sindano alibaki nazo ulimini.

Mwenyekiti angeweza kucheka yakaisha. Lakini kiti hicho ndicho pekee alichokuwa nacho duniani ambacho hakikuuzwa kwa lita. Akajibu: "Sawa."

Jioni ile ya mbuzi alirudi nyumbani vumbi mpaka kwenye nyusi. Akavua kofia, akainama jikoni kutafuta maji ya kunywa, akainuka na kukutana na mlango wa kabati uliokuwa wazi. Nyota zote alizoshindwa kuzipiga picha maishani akaziona kwa pamoja.

"Pole, baba watoto," mkewe alisema, akimpaka dawa huku mabega yakimtikisika. "Unazunguka vilima vya watu, na humu ndani mandhari tele."

"Mandhari gani? Masufuria?"

"Wewe lala tu."

Akalala. Usingizi wake haukuwa na mzaha. Hata dari lingedondoka, angeomba tu lifunge mlango likitoka.

Asubuhi akakuta Mwewe ameweka picha nyingine. Kilima kilekile, jua lilelile, ila safari hii kina ufa mbichi, umepinda kama radi. "Jana tumepata tetemeko," aliandika.

"Mwenyekiti, kitapandika kweli?" akauliza fundi saa.

"Nimezoea nyufa," akajibu Mwenyekiti, jasho likimtoka.

Akaficha simu. Mkewe akamwekea chai mezani. "Jumamosi uwe mwangalifu na huo ufa," alisema, akaenda zake kufagia.

Ijumaa, vilima vikawa vimemwishia. Akaamua atakiri. Ila kama ni kuvuliwa uenyekiti, bora avuliwe akiwa nadhifu. Hivyo kabla ya kufungua duka akapita kwa kinyozi wake.

"Pembeni tu, kama kawaida?" aliuliza kinyozi.

"Pembeni tu."

Kinyozi akaning'iniza kofia msumarini, akawasha mashine. Simu ikatetemeka mapajani mwa Mwenyekiti. Alikuwa Mwewe.

"Wapendwa, kesho asubuhi tukutane nyumbani kwa Mwenyekiti. Kilima kipo hapo hapo. Chai nitapika mimi."

"Ebo!" Mwenyekiti aliruka, nusura apoteze sikio. "Mtu simjui, hanijui, eti apike chai jikoni kwangu! Mke wangu atamkubalia?"

"Tulia, mzee, nisije nikakuongezea kovu," kinyozi alisema. "Na hilo ulilonalo umelipata wapi?"

"Kabati."

Kinyozi akazima mashine, akampangusa shingo, akachomoa kitu chini ya meza kwa madaha ya mtu aliyeoa jana. "Nimenunua kioo cha pili. Zamani mteja alikuwa anajiona uso tu. Sasa anajiona mpaka nyuma, mpaka juu. Hebu tazama."

Mwenyekiti akainua macho. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia mlangoni, na mle kiooni kiling'aa kilima laini, kipana, rangi ya asali iliyoungua kidogo, nyasi fupi ubavuni, ufa umepinda kama radi.

Tai akaja akatua kileleni, akaanza kusugua mikono.