Nafasi ya Farasi

Kila nyumba ilipimiwa kumbukumbu ya kompyuta, na haikuongezwa hata chembe. Nasoro alishachoka kubanabana. Programu yake ya sataranji ilitambaa kama kobe, maana kila zamu ilihesabu upya farasi anaweza kuruka wapi. Kwa hasira akaiamuru ihifadhi majibu yote, na nafasi ikipungua, ifute chochote kisichofunguliwa kwa miezi sita. Mara ikawa na kasi ya umeme.

"Baba Shangwe," mkewe aliita kutoka sebuleni, "wageni wa hitma wameshakaa. Tuwekee sauti ya marehemu mama."

Sauti hiyo waliifungua mara moja tu kwa mwaka, siku ya hitma.

Nasoro akatafuta, akatafuta tena. Kwenye kioo, farasi alikwisharuka.

"Zamu yako," programu ikaandika.