Wanane Wasiojua Saa

Saa tatu na nusu asubuhi basi lilikuwa na abiria mmoja tu, na abiria huyo alikuwa amefura kwa hasira.

Wenzake wa safari walimwita Mkaguzi. Miaka thelathini alikagua tiketi kwenye treni, na tangu wafike katika nchi hii ya watu, siku kumi sasa, hakuna aliyemwomba awakague. Aliwakagua hivyo hivyo. Kila asubuhi alisimama mlangoni na karatasi yake, akiwahesabu kama mbuzi: wanane, na yeye wa tisa. Aliyechelewa alikula maneno mpaka mchana. "Kesho nawaacha! Haki ya Mungu nawaacha!"

"Mijitu mizima haijui saa," alisema sasa kwa sauti, ingawa dereva alikuwa mwenyeji, na kwa lugha ya wageni wake alijua "asante" na "twende" tu.

Na kweli, kundi gani lile! Mkandarasi alipiga kelele kwenye simu ndani ya makumbusho, utadhani jengo kalijenga yeye. Mkewe, Bi Kofia, alikuja na kofia kumi na akili hata nusu hakuna. Mfamasia alikoroma hata akiwa amesimama. Dada yake naye alipiga picha kila sahani kabla haijaguswa, akaituma kwenye kundi lao la simu, na watu wenye wajukuu wakajibu kwa maua. Siku ya pili tu Mkaguzi alijitoa kundini. Namba ya mtu hata mmoja hakuichukua. Ya nini?

Ndege ilikuwa saa sita. Nyingine ilikuwa baada ya siku tatu. Na kesho, saa nane mchana, binti yake wa pekee alikuwa anaolewa.

"Baba, usije ukachelewa," alimwambia jana kwenye simu. "Bila wewe siingii ukumbini."

"Nichelewe? Mimi? Mwanangu, umeshamsahau baba yako?"

Alikuwa ameshapanda ghorofani hotelini, akagonga milango yao yote. Kimya. Wako madukani tena, akajua, wananunua takataka za kujazia makabati.

Dereva alitazama saa, akageuka. "Twende?"

"Bado wanane!"

Dereva akamnyooshea simu yake, akigonga kioo kwa kidole. Huyu naye walikuwa wamemwingiza kundini. Mkaguzi aliusukuma mkono ule. "Niondolee maua yao hapa."

Ikafika saa nne. Uwanja wa ndege ulikuwa mwendo wa saa nzima, na kila dakika iliyopita ilimkata maini. Angeweza kuondoka. Nani angemlaumu? Lakini katika miaka thelathini hakuwahi kuruhusu treni iondoke na abiria aliyemhesabu akiwa amebaki chini. Wale wangemwacha mchana kweupe, tena kwa vicheko. Yeye si wao. Wacha waje wamkute amekaa, waone haya, kama haya wanayo.

Akaongeza dakika kumi. Akaongeza kumi nyingine. Saa nne na nusu shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alimwaza binti yake amesimama mlangoni mwa ukumbi na gauni lake, anachungulia barabarani, na akawatukana wale wanane mmoja mmoja, kwa zamu, bila kumruka hata mmoja. Akili ilimwambia ondoka. Kiburi kikamwambia subiri kidogo.

Saa tano kasorobo dereva aliwasha injini bila kuuliza. Kisha akainuka, akaja mpaka kwenye kiti, akamwekea simu kiganjani na kumfunga vidole juu yake.

Safari hii Mkaguzi alitazama. Kulikuwa na picha: wote wanane wamekaa uwanja wa ndege, mizigo imeshapokelewa, Bi Kofia katikati na kofia yake ya njano. Juu ya picha kulikuwa na ujumbe wa Bi Kofia wa saa kumi na mbili alfajiri.

"Jamani, teksi tatu ziko mlango wa nyuma. Shukeni na viatu mkononi. Mzee wa watu anatamani kutuacha tangu siku ya kwanza na roho inamsuta, basi leo tumrahisishie."