Tonge la Kwanza ni la Samaki

Mtaani kwa Mzee Mbaruku hakuna jiko lililowaka kabla samaki wa nyumba hajala. Ndiyo sheria, na majiko yenyewe yalijua. Majirani walijaliwa samaki walafi. Mzee Mbaruku alipewa mdogo wa rangi ya bizari, asiyezidi kidole gumba, anayesusa kila kitu. Tangu jana nyumba nzima ilishindia mkate mkavu.

"Mrudishe kwa waliokupa wakubadilishie, baba watoto," alisema mkewe, Bi Zuwena. "Ukaidi wako utatuua kwa njaa."

"Nimejifunza kusoma nikiwa na wajukuu. Nitashindwa na huyu?"

Akaponda kitunguu saumu, akachovya humo uduvi mmoja, akaushika kwa kijiti na kuutikisa ndani ya tangi la maji ya chumvi, kana kwamba u hai. Samaki alisogea, akanusa, akageuka. Mzee akatikisa tena, taratibu. Kufumba na kufumbua, uduvi haupo!

Jiko likawaka lenyewe. Bi Zuwena akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Kuna harusi?"

"Amekula!"

Mzee Mbaruku, kifua mbele, akamgeukia shujaa wake. Samaki alikuwa ameacha kutafuna. Aliutazama moto, akamtazama mzee, kisha akautazama moto tena, kama mtu anayepiga hesabu ya atakachodai kesho kabla ya kula.